Riwaya ya kwanza: Hesabu huanza baada ya neno la mwisho

KATIKA vijiji na miji midogo nchini wapo watu wengi wenye madaftari yaliyojaa riwaya. Ni walimu, wakulima, wenye maduka ya pembejeo, makarani wa vyama vya ushirika. Wameandika usiku baada ya kazi, wamefika neno la mwisho, na sasa wanataka kitabu. Baadhi yao, wanapofika hapo, huuza mavuno ya msimu au ng'ombe wawili, hubeba fedha taslimu na kwenda moja kwa moja kwa mchapaji.

Hasara nyingi huanzia hapo. Mchapaji anauza huduma ya kuchapa, na hana wajibu wa kumwambia mteja kwamba sura ya nne haieleweki au kwamba wanunuzi hawapo. Akiagizwa nakala 1,000 atachapa 1,000, atazifunga kwenye maboksi na kudai salio lake. Maboksi huishia chini ya kitanda, ambako mchwa hawachagui kati ya riwaya na gunia la mahindi.

Kiswahili kimezitenga vizuri kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ni yule anayeweka mtaji wake katika kazi ya mtu mwingine: anagharimia uhariri, anamlipa mchapaji, anatafuta soko, na kitabu kisipouzwa hasara ni yake. Mwandishi anayekwenda kwa mchapaji peke yake amejifanya mchapishaji, hata kama hajui. Si kosa kufanya hivyo, lakini ni biashara nyingine kabisa na ina hesabu zake.

Mswada mbichi hauhifadhiki

Mkulima anajua kuwa mahindi yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yataota ukungu, hata kama gunia ni zuri. Mswada nao huhitaji kukaushwa. Mwandishi anapaswa kuuweka kando kwa mwezi mmoja au miwili bila kuugusa, kisha ausome wote kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu. Sikio hukamata yale ambayo jicho limeyazoea: sentensi inayomaliza pumzi, mazungumzo yasiyofanana na ya watu, mhusika aliyeitwa Rehema sura ya pili na Rahma sura ya tisa.

Makosa ya ukweli ni mabaya zaidi. Kijana mwenye miaka 20 mwaka 1985 hawezi kuwa na miaka 30 mwaka 2005. Mhusika akivuna korosho mwezi Aprili, msomaji wa Newala atakifunga kitabu hapo hapo, kwa kuwa anajua kwamba msimu wake huanza karibu na Oktoba. Inasaidia kuwa na daftari dogo la kando lenye majina, umri, miaka na mahali, na kila sura ikalinganishwa nalo.

Baada ya hapo mswada uende kwa wasomaji watatu au wanne wasio ndugu wa karibu. Ndugu husifu. Kinachotakiwa ni mtu wa kusema alichokia wapi na aliruka kurasa zipi. Halafu ndipo anapokuja mhariri, na hapa ndipo fedha za kwanza zinapostahili kutumika. Mhariri wa maudhui hushughulikia hadithi yenyewe, yaani wapi inalegea na nani hana kazi ndani yake. Msoma prufu huja mwisho kabisa, kuondoa makosa ya tahajia na nukta. Kumlipa wa pili na kumruka wa kwanza ni sawa na kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Kuhusu uchapaji wa mswada wenyewe, kanuni ni chache. Uandikwe kwa kompyuta, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa ziwe na namba. Anayepeleka daftari kwenye duka la steshenari ahakikishe anaondoka na faili, si karatasi peke yake, na ajitumie nakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Flashi hupotea kirahisi.

Njia ya mashindano

Mwandishi mpya asiye na jina wala mtaji ana mlango mmoja wa zamani ambao bado uko wazi, nao ni mashindano. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye wasomaji wengi wanamkumbuka kwa Bwana Msa, alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958. Hadithi hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kama kitabu mwaka 1960. Wakulima wana haki ya kujivuna kidogo hapa: kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 mtu huyo alikuwa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima.

Siku hizi yapo mashindano mawili makubwa kwa anayeandika kwa Kiswahili. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014. Katika awamu yake ya kwanza, mwaka 2015, Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya kwa mswada wa Penzi la Damu na kupata dola 5,000 za Marekani. Hapa nchini Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Mshindi wa kwanza alipata Sh milioni 10. Lakini kwa macho ya biashara, kilicho kikubwa kuliko fedha hizo ni ahadi ya kuchapisha miswada iliyoshinda na kuisambaza shuleni, kwa sababu shule ndizo soko ambalo mwandishi peke yake hawezi kulifikia.

Anayepeleka kazi kwa mchapishaji bila kupitia mashindano asipeleke mswada mzima kwanza. Barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hata mwisho wa hadithi, na sura mbili au tatu za mwanzo zinatosha. Aangalie pia orodha ya vitabu vya kampuni hiyo. Kampuni inayoishi kwa vitabu vya kiada vya hisabati haitabadili biashara yake kwa ajili ya riwaya ya mapenzi, hata iwe nzuri namna gani. Majibu huchukua miezi, na kimya nacho ni jibu mojawapo.

Kangomba ya miswada

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaifahamu kangomba: mnunuzi anakuja kabla ya minada, mkulima ana shida ya ada au hospitali, korosho zinaondoka kwa bei ya kutupa. Katika vitabu nako iko. Mtu hutoa, tuseme, Sh300,000 kwa mwandishi asaini karatasi yenye maneno mawili tu ya kuogopwa: "haki zote". Akisaini, kitabu kikichapwa mara 10, kikitafsiriwa au kikifanywa filamu, yeye hana lake.

Kwa sheria ya Tanzania, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunampa ushahidi siku mgogoro ukitokea. Kwa hiyo mswada ni mali ya kurithisha kama shamba la mikorosho, na mtu hauzi mikorosho kwa sababu ya shida ya mwezi mmoja bila kuita wanawe.

Mkataba wa kawaida humpa mwandishi mrabaha, mara nyingi asilimia 10. Swali ambalo waandishi wapya wengi hawaulizi ni hili: asilimia 10 ya nini? Kitabu kikiuzwa Sh12,000 dukani, asilimia 10 ya bei hiyo ni Sh1,200 kwa nakala. Lakini ikiwa duka limebaki na asilimia 35, mchapishaji amepokea Sh7,800 tu, na mrabaha ukikokotolewa kwenye mapokezi unakuwa Sh780. Kwa nakala 1,000 tofauti ni kati ya Sh1,200,000 na Sh780,000. Yote mawili ni mikataba halali, ila mwandishi ajue amekubali upi. Ajue pia taarifa ya mauzo italetwa mara ngapi kwa mwaka, na haki zitamrudia lini kitabu kikiadimika madukani.

Na kampuni inayojiita mchapishaji lakini inamdai mwandishi fedha za kuchapa haijaweka mtaji wowote. Ilinganishwe na wachapaji wengine kwa bei, basi.

Anayejichapishia

Wapo waliofanikiwa kwa njia hii, na si leo tu. Ben Mtobwa alianzisha kampuni ya Heko ya Dar es Salaam akatoa riwaya zake na za wengine. Waliofuata nyayo zake bila kupiga hesabu ni habari tofauti.

Mfano wa makadirio unaweza kuwa hivi. Mswada wa maneno 48,000, kwa maneno 300 kwa ukurasa, hutoa kitabu cha kurasa 160. Idadi hiyo si ya bahati: kwenye mitambo ya ofseti karatasi kubwa hukunjwa kurasa 16, hivyo 160 ni mikunjo 10 kamili, wakati 165 italazimisha mkunjo wa 11 wenye kurasa tupu ambazo zimelipiwa. Uhariri, upangaji wa kurasa na jalada vikigharimu Sh1,000,000, gharama hiyo haibadiliki nakala ziwe 300 au 3,000. Ni kama kulima kwa trekta: eka moja ni ile ile, iote gunia tano au 20.

Akichapa nakala 300 kwa mtambo wa kidijitali kwa Sh5,000 kila moja, jumla yake ni Sh2,500,000. Akichapa 1,000 kwa ofseti kwa Sh3,200, jumla ni Sh4,200,000. Kwa nakala moja moja, ya kwanza inamgharimu zaidi ya Sh8,300 na ya pili Sh4,200. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa kuwa nakala 1,000 zinaonekana rahisi.

Lakini hesabu ya kweli iko kwenye nakala zinazouzwa. Nakala 1,000 zikiwekewa bei ya Sh12,000 na duka likachukua asilimia 35, mwandishi atarudisha mtaji akiuza nakala 539. Akiuza 300 tu amepoteza Sh1,860,000 na ana nakala 700 ndani. Mwenye nakala 300 akiweka bei ya Sh15,000 anarudisha mtaji kwa nakala 257 kupitia dukani, au 167 akiziuza zote kwa mkono wake. Faida yake ni ndogo, lakini ng'ombe wake hawajapotea. Kila mmoja aweke bei za mahali pake, ila utaratibu wa hesabu haubadiliki. Karatasi nzuri ya vitabu huagizwa nje, kwa hiyo bei ya mchapaji ya Januari isichukuliwe kuwa ya Juni.

Kujua kama watu 167 wapo ni kazi ya kufanywa kabla. Eric Shigongo, aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, alijenga wasomaji kwa hadithi za mfululizo katika magazeti yake, na vitabu vikaja vikiwa na wateja tayari. Siku hizi waandishi vijana hutuma sura kwa WhatsApp na kulipwa kwa simu. Sura tano za bure kwa watu 100 zitasema mengi: wakiomba ya sita, kuna soko, wakinyamaza, mswada urudi kwa mhariri, na hasara ni muda tu.

Shule nazo hazipuuzwi. Riwaya kama Takadini na Watoto wa Mama N'tilie zimesomwa na wanafunzi wengi kwa miaka mingi kwa sababu ziliwekwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari. Hata hivyo, kukopa fedha kwa matumaini ya kuingia kwenye orodha hiyo ni kamari, na vitabu vya shule ndivyo vinavyotolewa fotokopi zaidi.

Kabla ya mtambo kuwashwa yabaki mambo mawili. Kitabu kipate ISBN, namba yenye tarakimu 13 inayotolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwani duka kubwa au maktaba haitakipokea kirahisi bila namba hiyo. Na katika makubaliano na mchapaji iandikwe kwamba faili la mwisho la kurasa na la jalada ni mali ya mwandishi na atakabidhiwa siku ya kuchukua vitabu. Asiye nalo, nakala 300 zikiisha na watu wakaendelea kuuliza, atalipia upangaji wa kurasa upya.