Punda wa Msamaria Mwema

Mtoto hazaliwi kwa ratiba ya serikali. Kaisari Augusto alitoa amri watu wahesabiwe, na Maria akajikuta safarini siku zake zimetimia. Mwinjili Luka hatuambii kwamba watu wa Betlehemu walikuwa wakatili. Anatuambia tu kwamba nafasi haikuwepo.

Hapa Kenya tuliliona jambo kama hilo mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Machi 13. Wiki mbili baadaye, Machi 27, kafyu ikaanza. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu alitakiwa awe kwake. Jioni hiyo ya kwanza, watu waliokuwa wakingojea feri Likoni walirushiwa vitoa machozi na kupigwa. Habari hizo zilifika kila mtaa.

Sasa mfikirie mama wa Mukuru au Kayole aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku. Matatu hakuna. Mwenye bodaboda anaogopa rungu. Jirani mwenye gari amezima taa. Mama huyo akitoka, atafika? Asipotoka, nani atamzuia damu ikianza kumwagika? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usiku huo aliujua peke yake.

Dkt Jemimah Kariuki wakati huo alikuwa jijini Nairobi akisomea ubingwa wa afya ya uzazi. Aliona akina mama wanaofika wodini wamepungua, huku visa vya hatari vikiongezeka. Wajawazito hawakuwa wamepungua mitaani. Walikuwa wamekosa njia. Akalieleza tatizo hilo kwenye mtandao wa kijamii, na Wakenya wakaitikia. Mwezi wa Aprili mpango wa Wheels for Life ukaanza, yaani magurudumu kwa ajili ya uhai. Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Nairobi, shirika la Amref na kampuni ya teksi ya Bolt walikuwa miongoni mwa walioshirikiana.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mama alipiga nambari 1195 bila malipo. Mhudumu wa afya alimsikiliza na kupima hali yake kwa maswali. Ikiwa hatari ilikuwa kubwa, ambulensi ilitumwa. Ikiwa ni uchungu wa kawaida, ilikuja teksi yenye kibali cha kutembea usiku. Mama hakutozwa kitu.

Wataalamu wa uzazi husema kuna kuchelewa kwa aina tatu kunakoua akina mama. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Pili ni kuchelewa kufika. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kafyu iliurefusha ule wa pili. Na kwa sababu njia ilitisha, wa kwanza nao ukarefuka, maana anayejua hatafika huahirisha hata kuamua. Anasema ngoja kupambazuke. Damu haingojei kupambazuke.

Ndugu msomaji, fungua Luka sura ya 10. Tunapohubiri habari za Msamaria Mwema husifu huruma yake. Lakini tazama alichokifanya hatua kwa hatua. Alifunga majeraha. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zitakazozidi. Hiyo ni huduma ya kwanza, usafiri, kitanda na bili. Kuhani na Mlawi huenda nao walisikia uchungu moyoni. Yesu hatuelezi. Tunachojua ni kwamba hawakusimama. Huruma isiyokuwa na punda humwacha mgonjwa barabarani.

Makanisa yalipofungwa, tulilalamika kwamba hatuwezi kukusanyika kusali. Tulikuwa na sababu. Lakini ni wangapi tuliouliza yule mama wa jumuiya yetu aliyekaribia kujifungua atafikaje hospitali? Gari la kwaya lililala wapi usiku ule? Mimi pia najiuliza. Daktari mmoja kijana aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza na sisi tunaosoma habari za Betlehemu kila Desemba.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Umaskini haujaondolewa, na kwa aliye fukara kila usiku una kafyu yake. Huduma ya kujifungua inaweza kuwa bure, lakini asiye na nauli haimfikii. Kwa hiyo jumuiya na vikundi vya akina mama wanaweza kufanya mambo matatu. Mjue kila mjamzito wa mtaa wenu na mwezi anaotarajia kujifungua. Patana mapema na dereva mmoja mwaminifu, nambari yake iwe kwa kila jirani. Kisha wekeni akiba ndogo ya nauli kutoka kwenye sadaka, ili asiwepo wa kuanza kuchangisha saa nane za usiku.

Hayo hayahitaji askofu kutoa waraka. Yanahitaji mtu mmoja wa kuuliza leo baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika: nani kati yetu anatarajia mtoto, na atapita njia gani? Kisha asimame pale asikilize jibu.

Jumapili njema.