Ndoto, Njozi na Usasa: Kuisoma Nagona kwa Kipimo cha Rungwe

Istilahi ya uhakiki haiwi jina tupu. Hubeba ndani yake hukumu juu ya kile inachokitaja. Jambo hilo hudhihirika pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Euphrase Kezilahabi, ni kazi za kisurialisti. Hukumu iliyofichika humo ni kwamba ndoto iliingia katika fasihi ya Kiswahili ikitokea Ulaya. Swali linalojadiliwa hapa ni iwapo hukumu hiyo inakubalika. Wilaya ya Rungwe, ingawa iko mbali na Paris na mbali pia na Ukerewe alikozaliwa mwandishi, inatoa kipimo cha kulijibu.

Usurialisti ulitangazwa Paris mwaka 1924 kwa ilani ya André Breton. Waasisi wake walikuwa wameishuhudia Vita Kuu ya Kwanza, nao waliilaumu akili iliyojivunia mantiki huku ikisimamia mauaji. Kwao, ndoto ilikuwa njia ya kumkomboa mtu kutoka katika utaratibu huo. Fikra hizo hazikubaki Ulaya. Mnamo Desemba 1938 wasanii wa Cairo, akiwamo Georges Henein, walitoa ilani ya kuitetea sanaa iliyopigwa vita na Wanazi. Na mwaka 1941 Aimé Césaire na wenzake walianzisha jarida la Tropiques huko Martinique, wakaielekeza silaha hiyo hiyo dhidi ya ukoloni.

Huko Rungwe ndoto ilikuwa na kazi nyingine. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, walieleza habari za abamanga, yaani walinzi wa kijiji walioaminiwa kuwaona wachawi katika ndoto na kupambana nao usiku. Mchawi alisadikiwa kuwa na chatu tumboni. Kwa msomaji wa Paris, chatu huyo angekuwa taswira ya kisurialisti. Kwa mwanakijiji alikuwa ushahidi. Ndoto hapa haikumtoa mtu katika utaratibu wa jamii, bali ilikuwa sehemu ya utaratibu wenyewe. Ililinda, na pia ilishtaki. Aliyetuhumiwa aliweza kulazimika kuhama kijiji. Kwa hiyo si sahihi kuichukulia imani hiyo kuwa sanaa, wala kuipamba kana kwamba ilikuwa uhuru wa fikra.

Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha upya wa Nagona. Kezilahabi alikuwa ameandika riwaya za kihalisia, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Katika Nagona msafiri anapita katika ulimwengu wa ukimya, wakati haufuati mfululizo, na fikra za wanafalsafa wa Magharibi zinawekwa kando ya simulizi za Kiafrika. Maono ni mengi, lakini hakuna kijiji cha kuyapokea, kuyapima na kuyatolea uamuzi. Msafiri anaona peke yake. Basi usasa wa riwaya hii hautokani na kuwapo kwa mambo ya ajabu, kwa maana mambo hayo ni ya kale. Unatokana na kukosekana kwa jamii yenye mamlaka ya kuyafasiri. Kazi hiyo ameachiwa msomaji.

Kutokana na hayo, istilahi zahitaji kuteuliwa kwa hadhari. “Usurialisti” huifanya Paris kuwa chimbuko. “Uhalisia mazingaombwe”, unaotumiwa na baadhi ya wahakiki, una kasoro yake: mazingaombwe ni kiinimacho, na anayeyatazama hujua kwamba anachezewa macho. Mlinzi wa kijiji cha Rungwe hakuchezewa macho, wala msafiri wa Nagona hachezewi. Kiswahili kina neno njozi, ambalo hubeba maana ya ndoto na ya maono kwa pamoja. Neno hilo halimfanyi mwandishi kuwa mwigaji, wala halimgeuzi kuwa mganga. Mwanafunzi wa Tukuyu anayeanza na neno hilo ataweza kuwasoma Breton na Kezilahabi bila kumfanya mmoja kuwa kivuli cha mwingine.