Je, Wajua? Diski Ikipigiwa Kelele Huchelewa

Lori la saruji ya Hima likitoka Kasese na kufika Mpondwe, jirani na Bwera, taarifa za mzigo wake hupitia ASYCUDA World, mfumo wa forodha ulioundwa na UNCTAD na unaotumiwa na mamlaka ya mapato ya Uganda. Mifumo mikubwa ya namna hii, ya forodha, benki au simu, kwa kawaida huhifadhi data kwenye makabati ya diski: diski nyingi zinazofanya kazi kama moja. Kabati likizubaa, wa kwanza kulaumiwa huwa mtandao.

Diski ya sumaku iliyozoeleka huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, na kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani nusu yake, mbali na muda wa kusogea. Kwa hiyo diski moja huhudumia takriban maombi 100 tu kwa sekunde, data ikiwa imetawanyika.

Fundi anayeijua kazi huanza na swali hili: kila ombi limesubiri muda gani, na limesubiri wapi? Mwaka 1961 John Little alithibitisha kuwa urefu wa foleni ni kasi ya kuwasili mara muda wa kukaa. Tuseme malori 20 hufika Mpondwe kila saa, na kila moja hukaa saa 3: utayakuta 60. Foleni ya diski ikirefuka ilhali maombi hayajaongezeka, basi huduma ndiyo imezorota.

Desemba 2008, Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizipigia kelele diski zilizokuwa kazini. Mtikisiko ule tu ulipandisha muda wa kusubiri, na grafu ikauonyesha papo hapo. Wastani wa muda huo usingeuonyesha mtikisiko vizuri hivyo, kwani huficha pia diski moja mgonjwa inayorudiarudia kusoma huku wenzake wakiingojea.

Chanzo cha kuzorota ninachokiona kuwa cha hila zaidi ni betri. Kabati hupokea maandishi kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya muda ya kasi, inayolindwa na betri, likajibu "tayari" kabla diski haijaguswa. Betri ikichoka, makabati mengi huacha kuiamini kashe na kungoja diski zenyewe. Kwenye RAID 5, mpangilio wa diski unaohifadhi pia paritii (data ya ziada ya kurejesha kilichopotea diski moja ikifa), andiko dogo moja hugeuka hatua 4: kusoma data ya zamani na paritii yake, kisha kuandika zote mbili upya. Kila diski ni nzima, na bado kazi inakwama.