Kumwaga Vifaranga Hakuujazi Mto

Hakuna mkutano wa klabu ya uvuvi wa ndoana Uingereza unaokwisha bila mwanachama kuinuka na kuuliza: "Ada tunalipa, samaki hawaonekani, kamati inangoja nini kununua vifaranga na kuwamwaga mtoni?" Swali hili limenichosha. Mto si bwawa. Kifaranga aliyelelewa kwenye maji matulivu husombwa na mafuriko ya kwanza ya majira ya baridi, na anayesalia hajui mpaka wa kipande mlichokodi.

Wabishi hunitajia mto Severn. Ni kweli: mwaka 1956 barbeli takriban 500, jamaa ya kuyu wa mito yetu, walitolewa mto Kennet wakapandikizwa Severn, wakazaliana na kuenea. Lakini walikuta nini huko? Changarawe nzuri ya kutagia, na hakuna barbeli hata mmoja wa kugombania chakula naye. Mto wenu una barbeli tangu zamani. Kama wangeweza kuzaliana, wangezaliana bila kuletewa wenzao kwa lori.

Jike hutaga kwenye changarawe mwishoni mwa majira ya machipuko. Mayai huingia katikati ya mawe, yakaishi kwa oksijeni ya maji yanayopenya humo. Tope kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, na kingo zilizokanyagwa na ng'ombe, huziba ile mianya, mayai yanakufa. Hata mkimwaga vifaranga 10,000, watakaokua watakuja kutaga kwenye tope lilelile, nanyi mtaanza kuchangishana upya. Na wapo wanaohamisha samaki kwa ndoo, usiku, kutoka bwawani! Bila kibali hilo ni kosa la jinai, tena ndiyo njia ya kusafirisha magonjwa na vimelea.

Fedha hizo nunueni uzio wa kuzuia ng'ombe na miche ya mierebi. Gogo lililoangukia majini liacheni, isipokuwa likitishia daraja. Ombeni kibali msafishe changarawe kabla ya kutaga kuanza, mzibue na vijito vya pembeni, vifaranga waliozaliwa humohumo wapate pa kujibanza mafuriko yakija. Barbeli mliyemvua msimfungie wavuni. Mshikeni majini, kichwa kikielekea mkondo, hadi aondoke mwenyewe. Mto hufungwa 15 Machi hadi 15 Juni. Ukifunguliwa mkawakuta bado wanataga, hamieni sehemu nyingine.