Je, Wajua? Nahodha wa Misri Aliyefika kwa Wabari

Je, wajua kuwa safari za serikali zilizofungua njia ya Mto Nile mpaka nchi ya Wabari, ulipo mji wa Juba leo, ziliongozwa na afisa wa jeshi la majini? Ni Salim Qapudan, Mturuki aliyemtumikia Muhammad Ali, mtawala wa Misri. "Qapudan" maana yake ni nahodha.

Je, wajua kuwa aliondoka Khartoum mara tatu kati ya 1839 na 1841? Safari ya kwanza iliishia karibu na Bor. Ya pili ilifika kwa Wabari Januari 1841. Ya tatu haikuvuka hapo.

Je, wajua kuwa upepo ndio uliopanga ratiba? Kusi ikishatulia, upepo wa kaskazini huvuma, na matanga husukuma vyombo dhidi ya mkondo. Kurudi, mkondo wenyewe huwabeba mabaharia.

Je, wajua kilichomzuia Salim kusonga mbele? Si vita. Ni miamba na maji ya kasi kusini kidogo ya Juba, penye nyuzi 4 na dakika 42 kaskazini ya ikweta. Mashua zake hazikuweza kupita.

Je, wajua kuwa Mjerumani Ferdinand Werne alikuwamo safarini mwaka 1841 na akaandika kitabu? Alimwona Lakono, mkuu wa Wabari, akiwa na vazi refu la pamba la buluu. Nguo hiyo ilitoka mashariki. Basi Wabari walikuwa na biashara yao kabla ya mashua ya kwanza kutia nanga.

Je, wajua kuwa njia hiyo ya mto iliwaletea Wabari maafa? Nyuma ya nahodha walikuja wafanyabiashara wa pembe za ndovu, kisha wa watumwa, na Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na Juba, ikawa kituo chao.

Je, wajua kuwa wavumbuzi wa Uingereza, Speke na Grant, walipofika Gondokoro Februari 1863, wakitoka Uganda, vyombo vya Khartoum vilikuwa vikienda huko kwa zaidi ya miaka 20? Mwanafunzi anayefundishwa jina la Speke anastahili kufundishwa pia la Salim, na la Lakono, aliyekuwa mwenyeji wake.