Mgeni Katika Nyumba ya Mchina



Miaka hii watu wa visiwa vyetu waendao China wamekuwa wengi. Yuko afuataye biashara Guangzhou, yuko aendaye kusoma, na yuko apelekwaye mafunzo ya miezi miwili mitatu. Walio wengi hulala hoteli au katika mabweni, na hao hawana haja kubwa ya maneno yangu. Leo nasema na yule aliyealikwa nyumbani hasa, akalale chumbani mwa watu na kula chunguni mwao. Wanachama kadhaa wamenijia ofisini kuniuliza khabari hii, kwa kuwa mwaka 2019 nilipata kukaa siku sita na jamaa mmoja mjini Nanjing: baba, mama, mtoto wao wa kike, na bibi mzaa baba. Nanjing ndio mji mkuu wa jimbo la Jiangsu, na Jiangsu ndiko watokako madaktari wa Kichina wanaokuja kwetu tangu mwaka 1964.

Kwanza ni sheria, na hapa naomba msome polepole. Iko sheria ya China ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, isemayo kwamba mgeni wa nchi ya nje alalaye pasipo hoteli sharti aandikishwe katika kituo cha polisi cha mtaa ule ndani ya saa 24. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe, ndiyo maana wasafiri wengi hawana khabari nayo. Nyumbani kwa mtu ni juu yenu nyote wawili, mgeni na mwenyeji. Wewe huchukua pasipoti yako, naye huchukua kitambulisho chake na karatasi za nyumba, mkaenda pamoja, ukapewa karatasi ya makazi. Katika baadhi ya miji siku hizi huweza kufanywa kwa simu. Asiyeandikishwa huonywa, na huweza kutozwa faini hata yuan 2,000.

Msidhani ni jambo la kupuuza. Mwanachama wetu mmoja alilala kwa rafiki yake siku nyingi bila ya kuandikishwa, kwa kuwa rafiki alimwambia si neno. Alipokwenda kuomba kuongezewa muda wa viza akaulizwa karatasi ya makazi, hana. Yeye alitoa faini yake akarudi kwao salama. Aliyebaki na mzigo ni rafiki, aliyeitwa kituoni akahojiwa mchana kutwa, na majirani wote wakaona. Tangu siku hiyo haandiki wala hapigi simu. Basi mwenyeji akikwambia si neno, wewe mwambie kwa adabu, "Twende, kwa ajili yako."

Na desturi hii ya mwenyeji kumjibia mgeni wake si ya jana. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza katika kitabu cha safari zake namna wafanya biashara Waislamu walivyokuwa wakipokewa katika miji ya China ya wakati ule. (Wako wanazuoni wanaotia shaka alifika umbali gani katika nchi ile.) Asema mfanya biashara aingiapo mjini hukhiyarishwa: ama akae kwa Mwislamu mwenzake mkaazi wa pale, ama aende nyumba ya wageni. Akikaa kwa yule mkaazi, mali yake huwekwa katika dhamana ya mwenyeji, na matumizi yake yote hutolewa humo. Siku ya kuondoka mali hukaguliwa, na kikipunguka kitu, mwenyeji hulipa.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi wetu huingia khofu. Nyama ya nguruwe imeenea sana kule, na mafuta yake huingia hata katika mboga na supu ambayo macho hayaoni neno. Dawa yake ni kusema mapema, kabla ya kupanda ndege, wala si mezani wakati chakula kimekwisha pakuliwa. Ukisema mezani, mama wa nyumba aliyepika tangu alfajiri huaibika mbele ya watu wake, na wewe huna pa kuweka uso. Neno la kulijua ni "qingzhen", hutamkwa kama "ching-jen", maana yake chakula cha Kiislamu. Wachina wanalijua, kwani Waislamu wa kabila la Hui wamo humo karne nyingi. Nanjing yenyewe una msikiti wa Jingjue, wa tangu mwanzo wa utawala wa Ming, na mji huo ndio alikokaa Zheng He, nahodha Mwislamu ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki karne ya 15.

Mimi nilitanguliza khabari kwa barua mwezi mmoja kabla. Nilipofika nikaliona karai jipya jikoni, limenunuliwa kwa ajili yangu, na nyama imetoka kwa mchinjaji wa Hui. Sikuambiwa na mtu. Niliona bei yake bado imebandikwa chini. Siku ya pili mama akapika nyama ya ng'ombe ya kutokosa kwa mchuzi mweusi. Akafungua kidebe cha viungo, na ndani, pamoja na mdalasini na nyota za badiani, mkawa na karafuu. Kwao huitwa "dingxiang", nalo "xiang" ni harufu nzuri, na "ding" ni kwa umbo lake la msumari. Nikamwambia kwamba hii ndiyo kazi yangu, na kwamba kwetu mtu hupanda juu ya mti akaichuma kikonyo kwa kikonyo, kisha ikaanuliwa na kuanikwa juani siku kadhaa. Akashangaa, hakuwa amefikiri kwamba ni ua lisilofunuka. Zamani za wafalme wa Han, inasemekana, maofisa walikuwa wakitia karafuu kinywani kabla ya kusema na mfalme, pumzi yao isimkere.

Nami nilishangaa kwangu, maana kwa sufuria zima la nyama alitia karafuu nne tu, akazihesabu. Nilizikumbuka gunia zetu ghalani. Wale wanaosema Wachina wakiwa wengi basi karafuu yote itakwenda huko, na waikumbuke mikono ya mama yule. Mnunuzi anayemaliza karafuu kwa wingi ni Mwindonesia, na yeye huitia katika sigara.

Mezani mwenyeji atakutilia chakula bakulini mwako kwa vijiti vyake, na ukikimaliza ataongeza, kwa hivyo anayekula upesi ataumia. Usisimamishe vijiti katika wali, kwani hufanana na udi wanaowachomea maiti wao. Wakiinua gilasi za pombe, wewe inua chai yako, na ukingo wa gilasi yako uwe chini ya ule wa mkubwa. Maji utapewa ya moto matupu, unywe. Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu. Zawadi hutolewa kwa mikono miwili, na usistaajabu ikikataliwa mara mbili kabla ya kupokelewa, wala isipofunguliwa mbele yako. Kanga hupendwa sana. Saa ya ukutani usipeleke kabisa, kwani kwa lugha yao kumpa mtu saa hulingana kwa sauti na kumzika. Nyama, maziwa, matunda mabichi na mbegu haziruhusiwi kuingizwa.

Watu wa nyumbani usiwaite kwa majina. Mama huitwa "ayi", ambaye ni kama mama mdogo kwetu. Baba ni "shushu", sawa na ami. Bibi mzaa baba ni "nainai", na babu ni "yeye", nalo lilinichekesha kila mtoto alipomtaja babu yake aliyefariki.

Kwa sala, uliza pembe moja ya chumba, hawakasiriki. Kibla chetu hapa ni kaskazini, kule ni magharibi, kiasi cha kupanda kaskazini kidogo. Chooni utakuta karatasi, basi chukua kopo lako.

Siku ya tatu nilitaka jembe, kama tulivyofunzwa, nikasimama kuosha vyombo. Yule bibi wa miaka zaidi ya 80 akanishika mkono akanirejesha kitini. Siku ya tano niliruhusiwa kumenya tangawizi.

Ofisini kwetu ipo karatasi iliyoandikwa kwa Kichina, yenye kueleza kwamba mchukuzi wake hali nguruwe wala hanywi pombe, na kwamba aomba kupelekwa polisi kuandikishwa siku afikayo. Mwanachama mwenye safari na aje achukue nakala, asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa.