Tope la Mto ni Hela Yako
Likizo hii nimezunguka Kyela na mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira. Asubuhi anachota maji ya Mto Kiwira kwenye chupa. Jioni huyoo, ziwani kuvua. Nilidhani ni starehe tu. Kumbe wavuvi ndio waliomfundisha: mbasa hupanda mto kutaga kwenye changarawe safi, tope likiifunika, mayai hukosa hewa.

Tope linatoka wapi? Shambani kwetu: udongo wa juu na mbolea uliyonunua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Acha matete yasimame hapo.

Mvua ikinyesha, chota maji yanayotoka shambani kwako, yalale kwenye chupa. Asubuhi tazama chini: hela yako hiyo.